Jina la Kumwitia Mama Lekan

Jumapili saa nne asubuhi wimbo wa Ibidun ulipigwa redioni kwa mara ya kwanza, na kufika saa sita mchana mama mkwe wake alikuwa hamjui tena.

Na wala hawakugombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Asubuhi hiyo walikuwa wamejazana sebuleni wote, pale ghorofa ya tatu Peckham, London, redio iko juu ya kabati la vyombo, na Lekan, mume wa Ibidun, kavaa shati la kutokea kana kwamba redio ina macho. Mtoto wao Tiwa, miaka sita, kakaa mapajani kwa bibi yake. Mtangazaji akasema sasa tunamsikiliza dada yetu anayechukua hadithi za bibi zetu na kuzipigia gitaa, mkae vizuri. Ikaingia ngoma ya kwapani, gitaa likafuata polepole, halafu Ibidun mwenyewe na ile sauti yake ya muziki wa soul inayotoka chini ya tumbo. Hadithi ilikuwa ya mwanamke mtia rangi vitambaa wa Abeokuta, kule Nigeria, mume kamfia, watoto wanne wanamtazama, na vitambaa vyake vya buluu vimechukuliwa na mto. Akasimama ukingoni mpaka mto ukaona aibu, ukavirudisha. Kiitikio kilikuwa jina la yule mwanamke, basi, mara tatu: Asabi, Asabi, Asabi o.

Mama Lekan alikuwa akitikisa kichwa kwa raha tangu mwanzo. Jina lilipotajwa mara ya kwanza kichwa kikasimama. Mara ya tatu akamshusha Tiwa, akakaza kilemba, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango taratibu kabisa, vile mtu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Lekan akazima redio wimbo ukiwa katikati.

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Si Mama Mkubwa ndivyo anavyomwita mama yako kwenye simu?" Ibidun alikuwa bado anatabasamu, hajajua. "Nikajua ni jina la sifa. Nimemsifu, Lekan. Ule wimbo ni yeye mwanzo mwisho."

"Ni la sifa, ndiyo, lakini la wakubwa zake. Wamempa waliomzaa. Baba alikuwa anamwita hivyo, na Mama Mkubwa kwa sababu kamtangulia kuzaliwa. Basi. Mimi nimetoka tumboni mwake na sijawahi kulitamka. Hata sasa hivi silitamki, unaniona?"

Tabasamu la Ibidun likaisha. Na tangu baba mkwe azikwe, akajumlisha mwenyewe kichwani, duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumwita mama yule kwa jina hilo. Sasa limeingia redioni.

~

Jumatatu asubuhi alipiga magoti mlangoni kwa mama mkwe kama kila siku, akaamkia. Mama Lekan akatoka amevaa vizuri, akasimama mbele yake, na akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo, madamu."

Ibidun alibaki hapohapo kwenye zulia. Yaani mama wa miaka sabini na ushee anamwamkia yeye. Angemtukana, angempiga hata na upawa, isingeuma hivyo. Siku nzima ikawa madamu, samahani madamu, nikupishe madamu. Chakula alichopika Ibidun alikipokea kwa mikono miwili kama mgeni, akashukuru, akakiacha mezani kikapoa na kuota ngozi.

Jumanne Tiwa ndiye aliyeleta habari za dukani. Alikuwa ameenda na bibi kununua kiazi kikuu pale wanaponunua siku zote, na yule kijana muuzaji, ambaye hata ndevu zinamtoka kwa kubahatisha, alipowaona akaacha kupima, akaimba. Asabi, Asabi, Asabi o. Watu kwenye foleni wakacheka, mmoja akapiga makofi. Bibi, alisema Tiwa, alirudisha kiazi juu ya meza, akakipangusa vumbi, akatoka. Wakatembea mpaka nyumbani bila kiazi na bila kusema.

"Kwani jina la bibi ni baya?" Tiwa akauliza.

"Si baya," Ibidun akasema. "Mama yako ndiye mbaya."

Jioni hiyo Lekan, aliye mkagua tiketi kwenye treni, alirudi na uso wa mtu aliyekaguliwa yeye. Mama kamwomba amkatie tiketi ya kurudi Abeokuta. Hakupandisha sauti. Kasema tu amekaa miaka miwili, amelea, sasa amechoka, na angependa kuondoka Jumapili. Jumapili ilikuwa siku moja baada ya onyesho la Ibidun, lile la kuzindua sahani yake ya kwanza ya santuri. Maboksi ya sahani yalikuwa yamepangwa kwenye korido ya nyumba mpaka mlango wa choo, kila moja limejaa Asabi.

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitaangalia." Lekan akavua viatu bila kumtazama. "Halafu wiki hii nimepata zamu ya ziada. Kesho na keshokutwa."

Kila mzozo ukiingia nyumba ile, zamu za ziada za Lekan nazo huwa hazikosi.

Ibidun hakulala vizuri. Si kwamba alihofia nani atabaki na Tiwa yeye akienda kazini kwake, kule anakohudumia wazee, ingawa na hilo lilikuwepo. Aliijua ile sura. Mama Lekan akiondoka Jumapili, ataondoka na heshima zake zote, atapiga simu sikukuu, atauliza hali, na hatarudi tena. Na yeye Ibidun, ambaye mama yake alikufa yeye hajaota meno, ambaye kila hadithi anayoiimba kaisikia aidha kwa bibi yake au kwa huyuhuyu mama jikoni anamenya maharage, atabaki anaimba habari za mtu aliyemfukuza kwa mkono wake.

~

Akaanza na Ayandele. Huyu ni mpiga ngoma wake, mtu mzima wa miaka hamsini, ukoo wao tangu enzi wanapiga ngoma na kusifu watu. Ibidun alimuuliza kwa simu, kwa hasira kidogo, kwa nini hakumwambia.

"Nilidhani umeruhusiwa," Ayandele akasema. "Mtu akimwimba mama mkwe wake jina la ndani mbele ya watu, unadhani nani atathubutu kuuliza? Nikasema wenyewe wameelewana, labda ndio mambo ya London."

Ibidun akamwambia sahani zisiuzwe. Ayandele akauliza kama ana hakika, maana yeye alimwona mwaka mzima akifanya kazi Jumamosi ili zitengenezwe. Ibidun akasema ana hakika. Alipokata simu akaenda kukaa juu ya maboksi.

Kisha wakajaribu njia ya kawaida. Lekan, Jumatano asubuhi kabla hajaikimbilia zamu, aliwaleta watu wazima wawili wa kanisani, wakaja na kokwa za kola na chupa za kinywaji cha malta, wakazungumza maneno mazuri marefu. Ibidun akapiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Mama Lekan akawasikiliza, akawakaribisha wali, akawasindikiza mpaka mlangoni, na aliporudi akamwambia mkwewe, "Nimesikia, madamu. Yameisha." Akaenda kukunja vitenge vyake.

Hapo ndipo Ibidun alipompigia Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa Abeokuta, kakaa barazani, simu kaishika chini kiasi kwamba kinachoonekana ni kidevu na matundu ya pua. Aliisikiliza habari yote, akacheka mpaka simu ikaanguka, ikaonekana dari kwa muda, halafu akarudi akiwa hacheki tena.

"Sikiliza, mke wetu. Unafikiri kosa lako ni kulitaja lile jina."

"Si ndilo?"

"Hilo ni tawi. Mimi nilipoingia kwa mume wangu nilikuta watoto kumi na mmoja wa nyumba ile. Hakuna niliyemwita kwa jina lake, hata yule aliyekuwa ananyonya, maana walinitangulia ndani. Kila mmoja nilimtungia la kwangu. Yule mchanga nilimwita Bwana Mashavu. Leo ni hakimu, ana tumbo, ana dereva, na bado kwangu ni Bwana Mashavu, na nikimwita hivyo anaitika mbio. Sasa wewe, huyu mdogo wangu umempa jina gani?"

"Namwita Mama."

"Mama ni cheo. Hata muuza samaki anamwita Mama. Miaka saba umeolewa, wewe ndiye mtunga nyimbo, unawapa majina kobe na mto, halafu mwenye nyumba hujampa. Badala yake umekwenda kuazima langu. Ndiyo maana kakasirika, lakini hawezi kukwambia, maana jina la kuomba halina utamu."

Ibidun akasema walifunga ndoa ofisini, watu wanne na karani, nusu saa kwisha, hakuna aliyemfundisha. Mama Mkubwa akajibu kwamba sasa ndio anafundishwa, na kama anangoja cheti basi asubiri.

Jumatano iliyobaki na Alhamisi kazini akatunga. Alifua mashuka ya wazee wake huku midomo inachezacheza. Kila lililokuja alimtumia Mama Mkubwa kwa sauti, na kila jibu lilirudi fupi. Mama Dhahabu? Hilo duka la vito. Mama Neema? Zahanati. Ua la Nyumba? Ana miaka sabini na ushee, ua la mwaka gani hilo. Nguzo Yetu? Mwite basi Saruji. La mwisho lilikuwa refu na lilikuwa na tabasamu la asubuhi ndani yake. Mama Mkubwa akatuma tu picha ya mtu aliyesinzia.

"Hayo yote yanamfaa mtu yeyote," akamwambia baadaye. "Umeishi na huyu miaka miwili. Umemwona akifanya nini?"

~

Alhamisi ilinyesha tangu saa sita. Ibidun alitoka kazini na mifuko miwili, mmoja mboga, mmoja viatu vya Tiwa vya shule, akapanda ngazi zote tatu maji yanamchuruzika shingoni, akafika mlangoni kwake na kusimama.

Akasimama tu. Ilipita kama dakika nzima ndipo akajishtukia kwamba anangoja.

Mlango haukufunguliwa. Ikabidi aweke mifuko chini na kutafuta ufunguo, na ufunguo haukuwepo kwenye mfuko wa koti wala mfuko wa pembeni. Alimwaga mkoba mzima pale nje, risiti, peremende, nyuzi za gitaa, mpaka akaupata chini kabisa umegandana na karatasi ya bazoka. Hakumbuki lini aliutumia mara ya mwisho. Tangu mama huyu aje, hajawahi kufika mlangoni ukawa umefungwa. Mtu yuko bado ghorofa ya pili anahema, juu huko kitasa kinazunguka. Si yeye tu. Lekan, Tiwa, hata jirani wa ghorofa ya nne aliyepita siku moja amebeba godoro. Miguu yao anaijua. Na wiki hii mpaka jana Tiwa ndiye aliyekuwa akimkimbilia mlangoni, kwa hiyo Ibidun hakuona.

Akafungua. Mama Lekan alikuwa amekaa kwenye kiti hatua tatu kutoka mlangoni, ameuelekea, mikono kaibana chini ya mapaja. Hakusema kitu, hata madamu. Lakini kandambili za Ibidun zilikuwa zimewekwa juu ya chuma cha kupashia nyumba joto, na alipozivaa zilikuwa moto.

Usiku ule hakumpigia Mama Mkubwa.

~

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa wazi kitandani, nusu limejaa. Ibidun akapiga magoti palepale kizingitini. 

"Asiyengoja Hodi," akasema. "Shikamoo. Umeamkaje?"

Mama Lekan alikuwa anakunja kitenge. Akakikunja mara moja, mara mbili, akakilaza.

"Rudia."

"Asiyengoja Hodi."

"Nani kakupa?"

"Hakuna. Nilikaa nje Alhamisi na mvua, nikawa nangoja ufungue."

"Nilikusikia," mama akasema. "Tangu mlango wa chini. Mfuko mmoja ulikuwa unakwaruza ukuta." Akashika kitenge kingine, hakukikunja. "Refu jina lenyewe. Litaingia kwenye wimbo?"

"Halitaingia. Itabidi tulisukume."

"Na huyo mume wako umempa lipi? Maana na yeye hukumzaa wewe."

Ibidun hakuwa amejiandaa kwa hilo, likamtoka tu. "Bwana Zamu ya Ziada."

Kwanza mabega yakacheza. Halafu Mama Lekan akakaa kitandani, juu ya vitenge vyake vilivyokunjwa, akacheka mpaka akavua miwani, na kutoka jikoni ikasikika sauti ya Lekan ikiuliza kuna nini, na mama akamjibu kwa jina lake jipya kwamba hayamhusu, aende kazini. Alipotulia akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Wewe kwenu walikuitaje, wale wakubwa?"

"Ajike. Bibi yangu kule Ilesha ndiye alikuwa ananiita. Amefariki, sasa hakuna."

Mama akaitikia kwa pua tu. Akavaa miwani.

"Na hizo sahani zote koridoni zinaimba jina langu?"

"Zote. Lakini haziuzwi. Nimeshasema zitengenezwe nyingine."

"Kwa pesa ya nani? Zile Jumamosi zako nilizihesabu mimi nikiwa na mtoto hapa." Akasimama, akalisukuma sanduku pembeni. "Nipe kilemba kile cha buluu. Na meza ya kuuzia mtaniwekea mlangoni, penye mwanga."

~

Ukumbi ulikuwa nyuma ya stesheni, na kufika saa kumi na mbili jioni foleni ilikuwa imetoka nje, vilemba juu kama vyungu, vijana, Wazungu wachache, kina mama wa kanisani wamevaa sare moja. Mlangoni, nyuma ya meza, kakaa Mama Lekan, na boksi la sahani miguuni.

"Umezaliwa mwaka gani?" anamuuliza kila anayetaka kununua.

Yeye alizaliwa mwaka hamsini na tatu. Aliyetangulia anauziwa. Aliyefuata anaandikwa jina kwenye daftari, angoje toleo la pili litakalokuwa na jina la watu wote. Hakukuwa na mjadala. Mzee mmoja wa Kiingereza mwenye fimbo, aliyezaliwa mwaka arobaini na sita, aliuziwa ya kwanza, na akawekwa pembeni afundishwe kutamka Asabi mpaka alipoweza. Mama mmoja wa kanisani, ambaye miaka yote anasherehekea kutimiza hamsini na tano, aliapa mbele ya watu kwamba ana sabini na sita, na wenzake wakashikana mikono wasianguke. Yule kijana wa kiazi naye alikuja. Akaandikwa daftarini kama wengine, na akaambiwa kiazi cha Jumanne atakileta mwenyewe nyumbani, na kiwe kikubwa.

Zikauzwa tisa. Daftari likajaa kurasa nne. Mama mwingine akamwinamia akauliza nasikia unaondoka kesho, na Mama Lekan akamtazama juu ya miwani. "Kwenda wapi?"

Ibidun aliyaona hayo yote kupitia upenyo wa pazia, na Ayandele nyuma yake ananung'unika kwamba jina jipya lina herufi kama treni ya mizigo, mapigo matatu yatalibebaje. Ibidun akamwambia litabebwa.

Akatoka, taa zikamwangukia. Akaita kama bibi yake alivyokuwa akiita kabla ya kila hadithi, "Alo o," na ukumbi mzima ukamjibu, "Alo," wakubwa kwa wadogo, sauti kama mlango mkubwa. Gitaa likaanza. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, mwanamke yuko ukingoni, mto umekataa. Kikaja kiitikio, na ikawa kweli: Asiyengoja Hodi halikuingia. Liligonga mwisho wa mstari, likabaki nje na miguu. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Ayandele akaivuta ngoma, akaibana kwapani ikalia kwa muda mrefu, akampa nafasi, na mara ya pili jina likapita kwa ubavu. Mara ya tatu ukumbi ukalibeba wenyewe, kina mama wa kanisani mbele, na likatoka kubwa kuliko lile la zamani.

Kwenye ubeti wa pili, pale mto unapoona aibu, sauti ya Ibidun ikakwama. Ikatoka hewa tu. Akajaribu tena, hewa tu. Ayandele akashusha ngoma chini taratibu kumsubiri, na ukimya ukaingia, watu mia tatu wakimtazama mtu mmoja.

Kutoka safu ya mbele ikaja sauti isiyo na kipaza sauti wala haja nacho, ileile inayosema jikoni kwamba mchuzi unaungua.

"Ajike. Kunywa maji kwanza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ibidun akaokota chupa ya maji, akawageuzia watu mgongo, akanywa yote mpaka tone la mwisho, na akakaa hivyo, mgongo kwao, muda mrefu kuliko kiu yenyewe. Ayandele, aliyekuwa anamwona uso, akaanza ngoma upya kutoka mwanzo.